Mafuta ya Sambusa za Ba

Kila Jumamosi asubuhi, wenzake wa mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, wakiwa bado wamejifunika mablanketi gubigubi, Bushra alikuwa ameshaamka na anakunja sambusa. Hakupenda, lakini hakuna aliyemwuliza. Mama yake, Zubeda, alisafisha ofisi za mjini wiki nzima, na mwisho wa wiki alipika vitafunio vya sherehe kwa oda: sambusa, kachori na bajia za dengu. Baba alikuwa Durban kikazi. Msaidizi alikuwa mmoja tu, naye ni msichana wa miaka kumi na miwili ambaye macho yake yalikuwa yanajifumba yenyewe.

Jiko walichangia na jirani yao Marcelline, msusi kutoka Bukavu. Dirisha la jiko hilo halikufunga vizuri, na baridi ya Julai ya Johannesburg iliingia bila kubisha hodi.

Siku hiyo oda ilikuwa ya Anti Kokila wa kitongoji cha Lenasia. Anti Kokila alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tanga, kama Zubeda, na alikuja Afrika Kusini alipoolewa. Mama yake, bibi mkongwe ambaye ukoo mzima ulimwita Ba, alikuwa anatimiza miaka themanini. Ba hakutaka ukumbi wala muziki. Alitaka kupelekwa kwenye milima ya Magaliesberg, kwenye nyumba ndogo ya kupanga isiyo na televisheni, akae barazani na shali yake, anywe chai, ale sambusa na kutazama vilima kwa utulivu.

Ila sambusa zenyewe zilikuwa na sharti. Ba alikuwa Mhindu, na tangu azaliwe hakuwahi kutia nyama mdomoni, wala chakula kilichogusana na nyama. Kwa oda kama hiyo Zubeda alitoa karai la pekee na kufungua mafuta mapya. Mafuta aliyokaangia sambusa za nyama ya ng'ombe jana yake yalikuwa yamechujwa na kutiwa kwenye dumu jeupe chini ya meza, yawe ya kupikia nyumbani.

"Mwanangu, mgongo wangu umegoma," Zubeda alisema, huku akijishika kiuno. "Acha nikajinyooshe kidogo. Wewe endelea kukaanga, moto usiwe mkali. Mafuta yakipungua, pesa iko juu ya kabati, nenda kwa Burhani ukachukue chupa nyingine. Lile dumu usiliguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Zubeda akaenda kujilaza. Hata viatu hakuvua.

Bushra akabaki na karai lake. Alitumbukiza sambusa, akageuza, akaopoa, akapiga mwayo, akatumbukiza nyingine. Kabla hazijafika nusu, mafuta yalipungua, na sambusa zikaanza kugusa kitako cha karai. Duka la Burhani lilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, mpaka uvuke kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari, na upepo wa nje ulikuwa unang'ata masikio. Miguu ilimwuma. Mabega yalimwuma. Alijihurumia kweli, na mtu anayejihurumia huwa hakosi sababu.

Akalitazama lile dumu. Mafuta yake yalikuwa safi, ya rangi ya dhahabu, wala hayakuwa na tofauti yoyote na yale mapya.

"Eish, mafuta ni mafuta," akajisemea. "Nani atajua?"

Akamimina.

Zubeda alipoamka, sambusa zote zilikuwa zimeshapangwa kwenye boksi, za mwanzo na za mwisho pamoja, zimeiva rangi moja. Akasimama mlangoni na kutabasamu, jambo ambalo wiki ile lilikuwa limeadimika.

"Mashallah! Mwanangu umekuwa mpishi. Leo umenipumzisha."

Hapo ndipo Bushra angesema. Alifungua mdomo, akaona macho ya mama yake yaliyovimba kwa uchovu, akaufunga tena.

Haukupita muda, honi ikalia nje. Anti Kokila aliingia akihema, funguo za gari mkononi.

"Shikamoo, anti," Bushra alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Zubeda, tumechelewa kweli. Lango la kule linafungwa jua likizama. Vitu viko tayari?"

"Viko tayari, dada. Ba hajambo?"

"Yuko ndani ya gari, ananiharakisha kama mtoto. Unajua hali chakula cha nje huyu? Hata harusi za ndugu zake anakwenda na kopo lake la chakula. Zako tu ndizo anazokula. Husema, 'Yule ni Mwislamu, anajua maana ya kumwuliza mtu kilichomo chunguni.'"

Zubeda alicheka kwa furaha. Bushra hakucheka.

"Bushra, mpelekee bibi boksi," mama yake akamwagiza.

Njia ya kutoka jikoni hadi getini ilikuwa fupi mno. Ba alikuwa amekaa kiti cha mbele, mdogo na mwepesi, amevaa sari nyeupe na koti zito la sufu. Akafungua mlango wa gari na kunyoosha mikono.

"Lete hapa, mjukuu wangu, nilipakate mwenyewe," alisema kwa Kiswahili cha Tanga ambacho hakikuwa kimechuja hata kidogo. "Tulipokuwa wadogo, baba alitupeleka milimani, Lushoto, kila likizo. Mama alituwekea sambusa za kula huko juu kwenye baridi. Basi hata siku moja hazikufika!"

Akacheka peke yake, akafunua boksi, akachagua sambusa moja.

"Na hii nayo haifiki," akasema, akaipeleka mdomoni.

"Bibi, usile!"

Bushra mwenyewe alishtushwa na sauti yake. Mkono wa Ba ukasimama hewani. Zubeda na Anti Kokila, waliokuwa wanatoka na chupa ya chai, wakaganda getini.

"Nimetia mafuta ya nyama," Bushra alisema, machozi yakimtoka. "Yale mapya yalipungua. Mama aliniambia niende dukani, mimi nikachukua ya kwenye dumu. Nilikuwa nimechoka. Mama hajui. Ni mimi."

Ba akairudisha sambusa ndani ya boksi taratibu. Akatoa kitambaa na kujifuta vidole, kimoja kimoja.

Anti Kokila ndiye aliyelipuka. "Yaani ningempa mwenyewe, kwa mkono wangu, siku ya sikukuu yake! Miaka themanini, Zubeda! Miaka themanini amejichunga!"

"Nisamehe, dada," Zubeda alisema. Uso wake ulikuwa umesawajika. "Mtoto ni wangu na jiko ni langu. Kosa ni langu."

Bushra alitamani ardhi ipasuke immeze. Kukemewa yeye kungekuwa nafuu kuliko kumwona mama yake ameinamisha kichwa barabarani.

"Kokila, kelele za nini?" Ba akauliza. "Mimi sijala. Zubeda, viazi vimebaki?"

"Viazi na njegere vimebaki bakuli zima, Ba. Na manda za kukunjia zipo, hazijaguswa."

"Basi tukunje nyingine, lango tutaliwahi. Tutakwenda nazo mbichi, tutazikaanga huko huko kwa karai letu wenyewe. Nishike mkono niteremke."

Bushra hakungoja kutumwa. Alinyakua pesa juu ya kabati, akavuka roboti, akarudi kutoka kwa Burhani na chupa ya mafuta ambayo haikuwa imefunguliwa. Upepo ulikuwa ule ule, lakini hakuusikia. Alipoingia jikoni aliwakuta wote watatu mezani. Anti Kokila amevua pete zake na anakunja manda kwa ghadhabu, Zubeda anajaza viazi, na Ba anabandika kingo kwa uji wa unga. Akasogea na kushika kazi. Walikuwa watu wanne waliochoka, na sambusa ziliongezeka polepole kwenye sinia.

Marcelline alipochungulia, akaelezwa yaliyotokea, alilivuta lile boksi la kwanza.

"Hizi mulete kwangu, bana. Kwa saluni tutakula zote, hata boksi tutalamba."

Hapo wote wakacheka, na Anti Kokila naye akatabasamu kidogo, wa mwisho kati yao. Zubeda alikataa malipo, na Anti Kokila hakubishana naye. Kabla ya kuingia garini, Ba alimshika Bushra kidevu.

"Kesho nikila, nitakukumbuka ulivyopiga kelele," akamwambia. "Ungechelewa kidogo tu, nisingejua maisha yangu yote. Wewe ungejua."

Gari lilipoondoka, Zubeda alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akamwita Bushra akae karibu naye. Hakuwa na nguvu za kugomba, na pengine hilo lilimwumiza Bushra zaidi.

"Mlipokwenda safari ya shule, ulimwuliza mpishi kama nyama ni halali?"

"Nilimwuliza, mama. Alisema ndiyo, nikala."

"Ulikwenda jikoni kuhakikisha?"

"Hapana. Nilimwamini."

"Sasa sikiliza. Mtu akila chakula chako, amekukabidhi mwili wake na dini yake. Yeye haoni ulichotia, anakuamini tu. Ukimdanganya hapo hana pa kujikinga. Leo umekosa, kisha umesema ukweli ulipokuwa mgumu. Ukweli huo ndio uliomwokoa Ba, lakini ungesema mapema, usingemtia mashakani."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na jambo lingine. Kuchoka si aibu, mwanangu. Mimi nachoka kila siku. Ukichoka, njoo uniamshe, uniambie. Kazi itasimama, tutapumzika, tutaendelea. Usiufiche uchovu ndani ya chakula cha watu."

Bushra aliegemeza kichwa begani kwa mama yake. Nguo yake ilinuka viazi na bizari.

"Mama," alisema, "nimechoka."

"Najua. Na mimi pia. Haya, twende tukalale, vyombo vitatungoja."