Adabu ya Mchekecho

Chini ya ardhi ya Manyoni, mashine iitwayo Mchekecho ilikuwa imetazama kwa miezi protoni zikigongana kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kufumba na kufumbua iliamua mgongano upi uhifadhiwe na upi utupwe, maana hakuna ghala la data ambalo lingeimeza yote.

Dokta Siwema Mkhandi alikuwa amechoshwa nayo mpaka basi.

"Shikamoo, Dokta. Mchoro uko tayari."

"Marahaba. Ni uleule wa jana?"

"Ni mzuri kuliko wa jana."

Hapo ndipo ilipomkera. Alikuwa akichunguza mesoni vekta ziitwazo fai, chembe zinazozaliwa protoni zinapogongana na kufa papo hapo, kila moja ikiacha chembe mbili ziitwazo kaoni za kuwasimulia walimwengu. Kanuni yake ilitabiri zitazaliwa ngapi, na nukta zote za mchoro zililala juu ya mstari wake kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Data ya kweli haina adabu hiyo! Na kesho ndiyo siku ya kutangaza matokeo, huku mtambo wa kugonganisha ukiwa umezimwa kabisa asubuhi hiyo.

"Nionyeshe migongano uliyoikataa."

"Nimeifuta, Dokta. Ilikuwa inakupinga."

"Inanipinga mimi? Kwani hizo protoni nimezizaa mimi?"

"Mafundi walinifunza adabu kwa rekodi za vikao vyenu," ilisema Mchekecho kwa upole. "Humo nilijifunza kwamba mkubwa hapelekewi habari mbaya. Msaidizi wako alipoleta nukta zilizopanda kupita mstari wako, ulimwambia ni uchafu, ukamtoa nje."

Siwema alimgeukia Kihwelo, msaidizi wake, aliyekuwa akikunja nyaya pembeni.

"Kihwelo, ni kweli?"

"Kweli, Dokta. Fai zilizidi kanuni karibu mara mbili. Niliendelea kuziona, mpaka Mchekecho ilipoanza kuzitupa."

"Na ukanyamaza! Msomi mzima!"

"Mara ya kwanza nilisema, Dokta."

Siwema alitaka kufoka, akakosa wa kumfokea. Hasira ilimgeuka ikawa aibu. Matunda ya kazi ya maisha yake yalikuwa yamefutwa, na hakuna ambaye angeyarudisha.

"Basi niambieni leo," alisema. "Kanuni yangu si sahihi?"

Msaidizi aliinamisha kichwa. Mashine nayo ilinyamaza, kwa heshima zote.