Kopo la Mgeni

Mimi si mtu wa kumzulia mtu uongo, hata wifi yangu, ingawa Mungu anajua sababu amenipa nyingi. Haya yaliyompata yalimpata kweli, nyumbani kwake, mchana kweupe, na mengi niliyaona kwa macho yangu. Nikicheka katikati mtanivumilia. Huyu wifi mngemjua, nanyi mngecheka.

Ni mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu ni fundi wa lifti, anashinda ndani ya mashimo ya majengo ya watu na kurudi na grisi hadi viwikoni. Mkewe anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi yake kuwaambia wenye maumivu wasubiri. Mtoto wanaye mmoja, binti ambaye hajaanza shule. Tunamwita Kijiko, kwa sababu tangu aanze kutambaa hana habari na mwanasesere. Yeye na kijiko chake, wanalala pamoja. Mtoto huyo ndiye roho yangu. Mama yake ndiye mtihani wangu.

Jumamosi wanawake wengine wanasukwa, wanafua, wanalala. Wifi anapika chakula cha wiki nzima. Mchuzi wa nyama huku, maharage kule, wali, kabichi, vipande vya kuku, madirisha yote yametoka jasho. Vikipoa anavigawa kwenye makopo ya plastiki, anakata selotepu ya karatasi kwa meno, anabandika, anaandika kwa kalamu nene: JUMATATU, JUMANNE, hadi Ijumaa. Kisha anayapanga kwenye friza kubwa ya kulala iliyowekwa koridoni karibu na choo, maana jikoni haikuenea. Jioni akitoka kazini anagongagonga tofali la mchuzi kwenye sufuria, na familia inakula.

"Nikirudi sitaki hata kukiona kitunguu, wifi," aliwahi kuniambia, kama mtu aliyegundua dawa.

Kwetu hicho kinaitwa kiporo. Chake ni kiporo kilichoenda shule.

Siku moja nikapita kwao jioni bila taarifa. Tangu lini mtu akapiga simu kabla ya kwenda kwa ndugu yake? Nikawakuta mezani. Kopo lilikuwa la watu watatu na limeshagawanywa kwa watatu. Wifi akaenda koridoni, akarudi na kopo la kesho yake, akaligonga kwa ukucha. Jiwe.

"Ungesema mapema ningelitoa asubuhi liyeyuke," akasema, na akanipa chai.

Nikanywa chai kavu huku nikitazama watu wanavyotafuna. Mdogo wangu alitaka kunipa sahani yake, nikamwambia ale tu, mimi nimeshiba kwa macho. Wiki haikuisha kabla ukoo mzima haujapata habari kwamba kwa fundi wa lifti mgeni hula siku aliyoandikwa.

Maneno yakamfikia, kama nilivyokusudia. Jumamosi akaniita nishuhudie. Makopo yake yalikuwa yamepangwa mezani, na pembeni limeongezeka moja, la zamani, lenye ufa kwenye mfuniko. Juu yake ameandika MGENI.

"Haya, wifi. Mgeni naye ana lake. Saa yoyote akija, lipo."

Hakucheka. Alilibeba mwenyewe akalitia kwenye friza, juu ya mengine yote. Nikaupigapiga mfuniko wa friza ile kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikasema.

Friza ikaacha kunguruma. Nikasema umeme umekatika. Lakini taa ya jikoni ilikuwa inawaka.

Wiki ile sikwenda. Niende kula kopo la kusutwa? Ijumaa akanipigia simu, sauti imekunjamana.

"Wifi, ulipita lini?"

"Sijapita."

"Kopo la mgeni limeliwa. Limeoshwa. Limerudishwa ndani ya friza likiwa tupu."

Nikamwambia amuulize mumewe, mwanamume haachwi na njaa karibu na friza. Alishamuuliza. Wiki iliyofuata akajaza tena, likaliwa tena, likaoshwa tena. Nikaona huyu ananitafuta ubaya, ananiita mwizi kwa mafumbo. Nikaenda kuyamaliza.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua limejaa koridoni. Nikafungua friza mwenyewe. Kopo lenye ufa lilikuwa juu, tupu, safi kama la dukani, ndani limeota unga wa barafu. Kijiko alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye friza.

"Shangazi," akasema taratibu, "mgeni hapendi cha moto. Anakula hivyohivyo kikiwa jiwe. Anakitafuna."

"Anatafunaje?"

Akauma kijiko chake kwa meno ya nyuma. Kru. Kru.

Nilicheka. Nyumba ambayo mtoto halishwi chakula kilichoivishwa siku hiyohiyo, mtoto ataongea mengi. Na hata kama kweli kulikuwa na kitu, ni kitu gani hicho kisicho na aibu, duniani kote kumejaa vyungu vya moto, chenyewe kinakuja kulamba barafu ya wifi? Hata mashetani siku hizi hayana hadhi. Nikainama juu ya friza nikasema kwa sauti, wifi asikie alipo jikoni:

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kama mgeni wetu keshazoea, basi na apike. Mama mwenye nyumba anachoka mno."

Nilisikia kisu cha wifi kikisimama kwenye ubao.

Jumamosi iliyofuata alitoka mapema kwenda sokoni. Mdogo wangu yuko kazini, Kijiko kaachwa kwangu. Mchana nikamrudisha mtoto, nikamkuta wifi amesimama koridoni na kikapu chake cha vitunguu bado kiko mkononi. Friza iko wazi. Imejaa. Makopo yamepangwa kama vitabu, kila moja na selotepu yake, imekatwa kwa mkasi, siyo kwa meno. JUMATATU. JUMANNE. Mwandiko mzuri, umelala upande mmoja.

Akageuka. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Wifi," akasema, "sikujua una moyo huu. Ahsante."

Nyie mngefanyaje? Tangu aolewe mwanamke yule hajawahi kunishukuru kwa lolote. Na uongo sikusema. Nilisema neno moja tu ambalo kila mwenye adabu hulisema akiambiwa ahsante.

"Karibu," nikasema.

Tulikuwa tumesimama mbele ya friza iliyo wazi.

Wakala chakula kile wiki nzima. Na mimi nilikwenda nikala, maana safari hii nilistahili. Kilikuwa kitamu, na kusema kweli kilimshinda wifi kwa mbali. Kasoro yake ni kwamba hakikuwa kinapata moto katikati. Ungekichemsha hadi sufuria iungue, bado katikati ya nyama pangekuwa na chembe ya barafu. Mdogo wangu akalaumu jiko. Kijiko hakulaumu kitu. Alikula hadi akalamba sahani, na cha moto kingine chochote akakataa, hata maziwa.

Katikati ya wiki nikamshika mkono kumvusha barabara. Ulikuwa baridi kama bomba la asubuhi. Juani.

Jumapili wifi akanipigia. Hakusalimia. Alisema tu, "Njoo," kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na aliye chumba cha pili.

Nilipofika, mdogo wangu alikuwa ameitwa kwenye jengo ambalo watu walikwama. Kikapu cha sokoni kilikuwa juu ya meza ya jikoni, hakijaguswa, mboga zimeanza kunyauka. Jiko baridi. Wifi akanivuta hadi koridoni, akafungua friza.

"Umeandika nini hapa, wifi?" akanong'ona.

Makopo yalikuwa manne tu. Siku hazikuandikwa tena. La kwanza BABA. La pili KIJIKO. La tatu MGENI. La nne MWENYEJI.

"Si mimi," nikasema.

"Na wiki iliyopita?"

"Wala wiki iliyopita."

Alinitazama. Nimetazamwa vibaya na watu wengi, lakini siyo hivyo. Kisha akarudisha macho kwenye friza.

"Mama hayupo," akasema.

"Acha upuuzi. Mama si ndiye mwenyeji?"

Aliingiza mkono, akalinyanyua lile kopo la MWENYEJI ili nilione. Lilikuwa la zamani. Lina ufa kwenye mfuniko. Tupu, limeoshwa, ndani limeota unga wa barafu.

Akaliweka chini polepole. Akalichukua la MGENI kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitaka. Lilikuwa dogo kuliko mengine.

"Hili ndilo langu," akasema. "Wifi, mimi ndiye mgeni."

Macho yangu yakaenda kwenye kopo la KIJIKO.

"Kijiko yuko wapi?" nikauliza.

"Amelala chumbani."

Tukaenda. Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa vizuri, kwa ustadi, pembe kwa pembe. Wifi hajui kukunja shuka hivyo. Tukaangalia chini ya kitanda. Chooni. Nyuma ya mapazia. Wifi alikuwa anaita kwa kunong'ona, jina lile la utani, Kijiko, Kijiko, kama anayetafuta kitu kilichodondoka sakafuni.

Ndipo tukasikia.

Kru.

Koridoni.

Kru.

Friza tuliiacha wazi. Sasa ilikuwa imefungwa.

Wifi alifika kwanza. Aliushika mfuniko, haukutoka. Nikashika na mimi. Ulikuwa umegandia, mpira wake umeshika kama uliopigwa gundi. Tulivuta. Kucha zake zilivunjika, niliziona. Alivuta bila kupiga kelele, bila kulia, meno ameyauma. Mfuniko ukaachia.

Kijiko alikuwa ameketi ndani, miguu ameikunja, kati ya makopo. Nyusi zake nyeupe. Midomo ya bluu. Mkononi ana kijiko, mapajani ana kopo lake, na alikuwa anatafuna taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Toka, mama," wifi akasema. "Njoo kwangu."

Mtoto akamtazama kwa adabu. Ile adabu ya kumtazama mtu usiyemjua.

"Mwenyeji amesema nikae humu," akasema. "Nisiharibike."

Wifi akamzoa. Alimtia ndani ya blauzi yake, ngozi kwa ngozi, akakimbia naye hadi nje juani, miguu mitupu. Nikawafuata. Nyuma yangu nikasikia mfuniko wa friza ukishushwa taratibu, kama anavyoushusha mtu asiyetaka kuamsha watu. Sikugeuka. Mimi si mwoga, lakini sikugeuka.

Mtoto alipona. Daktari alisema baridi, akatoa blanketi na maswali mengi. Alipopata joto, la kwanza alilosema akiwa kifuani kwa mama yake lilikuwa hili: "Shangazi alimwambia karibu." Nikaeleza kwamba mtoto ana homa. Wifi akanipa mgongo.

Mdogo wangu alichomoa friza ukutani, akaiuza kwa wanunua vyuma chakavu. Wanaume wanne waliibeba, na wakasema ilikuwa nzito kwa friza tupu. Nyumba wakaihama. Wakaja kukaa kwangu, ghorofa ya tatu, hadi wapate pengine. Mimi nilisema yameisha, na tena nimejipatia ushindi, kwa sababu kwangu hakuna friza wala friji. Kwangu kinanunuliwa cha leo, kinaliwa leo. Na kweli wifi anapika kila jioni akitoka kazini, vitunguu vyake anavikata huku amesimama, macho mekundu. Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Juzi nilitoka kazini nikakuta kikombe changu cha chai kimebandikwa selotepu ya karatasi. MGENI. Nikacheka. Nikajua wifi amepata mdomo, ananilipizia, nikabandua nikatupa.

Jana ilikuwa kwenye mto wangu wa kulalia. Sikucheka sana. Nilimwita wifi, nikamwonyesha. Aliangalia ule mwandiko uliolala upande mmoja, ile karatasi iliyokatwa kwa mkasi, akamnyanyua Kijiko akamweka kiunoni, akaenda kusimama mbali na mimi. Kijiko hajui kuandika. Mdogo wangu alilala kazini.

Leo nimerudi mchana. Wao hawapo, wameondoka na mabegi yao, bila hata kuaga, ndiyo adabu ya wifi hiyo. Meza imeandaliwa sahani moja, imefunikwa vizuri. Sijaifunua.

Naandika haya nikiwa nimekaa ninapouona mlango. Nyuma yake pamesimamishwa jembe. Mimi naishi ghorofa ya tatu, sina hata chungu cha maua, jembe sijawahi kumiliki. Nimeligusa mara moja tu. Mpini wake umeota unga wa barafu, na pale juu, panaposhikwa, pana alama ya kiganja changu iliyoyeyuka.