Wanja wa Rubina

Kwetu Bradford, Uingereza, siku inaanza na baridi. Baba anarudi kutoka kiwanda cha sufu, anavua viatu, analala. Mama anapika chapati. Bibi Zulekha, mama yake baba, anasaga wanja.

Mimi, Ishfaq, nilimaliza shule mwaka ule viwanda vilipoanza kufungwa. Kazi hakuna. Nakaa tu.

"Mwanaume mzima unachunga ukuta," Bibi ananiambia. "Ukuta ungekuwa na miguu, ungekukimbia. Haya, niletee mtoto."

Mtoto ni Rubina, mdogo wangu. Bibi alimpaka wanja ndani ya macho tangu alipozaliwa. Jiwe la wanja lilikuwa jeusi, linang'aa. Bibi alitoka nalo Mirpur, kule Pakistani, wakati kijiji chetu kinamezwa na maji ya bwawa. Nyumba ilizama. Makaburi yalizama. Jiwe ndilo alilobaki nalo.

Basi Rubina akaanza kuumwa. Chakula hataki. Tumbo linamkaza, choo hapati. Alikuwa ameanza kutembea, akaacha.

"Hili ni jicho la watu," Bibi akasema. "Yule mzungu wa jirani si alimsifia macho juzi?"

Akaongeza wanja. Sasa akawa anampaka asubuhi na jioni.

Siku moja Rubina akashikwa na degedege mikononi mwa Mama. Tukakimbia hospitali. Daktari akapima damu, akasema ina sumu ya madini ya risasi. Akaniuliza mimi, maana Mama hajui Kiingereza: Je, mtoto anakula rangi ya ukutani? Mnampa dawa ya kwenu? Nikamuuliza Mama. Akasema hapana. Na kweli, dawa hatukumpa.

Watu wa manispaa wakaja, wakakwangua rangi ya milango yote, maana rangi za zamani huwa na risasi. Rubina akachomwa sindano za kutoa sumu, akapata nafuu, akarudi. Bibi akampokea mlangoni na wanja.

Haukupita muda, degedege tena. Tukamrudisha hospitali.

Ndipo akaja nesi wa mtaa, Gurmeet. Singasinga huyu, anaongea Kipunjabi kama sisi. Bibi alikuwa chini anasaga wanja ampelekee mtoto wodini. Alipomwona, akageukia ukuta.

"Simtaki humu. Watu wake walimuua kaka yangu njiani, India ilipokatwa vipande, Waislamu huku, Masingasinga kule."

"Na watu wako walimuua baba yangu, Bibi," Gurmeet akasema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Mama akamimina chai. Kisha Gurmeet akaangalia kinu.

"Hilo jiwe ndilo analopakwa Rubina?"

"Machoni. Unataka kulisema na hilo?"

"Bibi, mawe mengi ya namna hiyo ndiyo madini ya risasi yenyewe, yale ya betri za gari. Mtoto anajifuta macho, halafu ananyonya vidole. Sumu inaingia kidogo kidogo. Inaharibu damu na ubongo."

"Mimi nimepaka maisha yangu yote. Nimekufa?"

"Hata wewe haikufai. Lakini mtoto ni mdogo, ubongo wake bado unajengwa. Na mama mwenye mimba, sumu inamfikia aliye tumboni."

Mama akashika tumbo lake.

"Nitalichemsha," Bibi akasema.

"Kuchemsha hakusaidii. Kuosha hakusaidii. Jiwe lote ni sumu."

"Mbona daktari hakutuambia?" Mama akauliza.

"Aliuliza dawa, aliuliza rangi. Wanja, daktari haujui. Mkienda hospitali, tajeni kila kitu kinachomgusa mtoto. Mafuta, unga, wanja, kila kitu. Msingoje kuulizwa."

Bibi akalishika jiwe.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Akalifunga kwenye ncha ya shela yake. Akakaa. Akalifungua, akampa Gurmeet bila kumwangalia. Walipolipima, ikawa kweli.

Rubina hakufa. Lakini kilichoharibika hakikurudi. Sasa ana miaka mitano, na anajua kusema "maji" tu. Gurmeet anakuja kumfundisha maneno. Bibi anampikia chai yeye mwenyewe.

Mdogo wetu Adil alizaliwa, macho yake matupu, bila wanja. Bibi alihangaika sana. Gurmeet akamruhusu kumpaka masizi kidogo ya sufuria nyuma ya sikio, mahali asipoweza kulamba. Adil anakula, anatembea, anaongea mpaka anachosha.

Juzi Shahnaz wa nyumba ya pili alileta mtoto wake mchanga tumwone. Macho yamepakwa wanja, meusi, mazuri. Bibi akampakata. Akachovya ncha ya shela kwenye maji, akaanza kumfuta.

"Bibi, unafanya nini?" Shahnaz akasema. "Atapigwa jicho."

Bibi hakuacha. Akamwita Rubina. Rubina akaja, akasimama mbele yetu.

"Mwambie shangazi jina lako," Bibi akasema.

Rubina akamtazama Shahnaz, akafungua mdomo.

"Maji," akasema.

Shahnaz akachukua ile shela mkononi mwa Bibi, akamalizia kumfuta mwanawe.