Minazi ya Marehemu Shutu

Nyinyi wa siku hizi mkiambiwa jambo mnacheka kwanza. Haya, chekeni. Mimi nilikuwapo, na huyo mwanamke alikuwa jirani yangu hapa hapa Msambweni, upande wa juu wa barabara.

Bendera yetu ilikuwa imepepea mwaka mmoja tu. Bwana mmoja aitwaye Mihambo aliletwa kutoka Tabora kuja kutengeneza mashine za kukamulia mafuta ya nazi, maana fundi wa mwanzo alikuwa amefunga virago akaenda zake. Alikuja na mkewe, Nyamizi, na binti yao Kabula, kitoto cha kama miaka saba, mwenye mwanya. Kwao walizaliwa Watanganyika, sasa wameambiwa ni Watanzania, basi tukawatania: "Nyinyi hata jina mmebadilishiwa!" Nyamizi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa mtu wa kucheka, yule.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya marehemu mzee Shutu, katikati ya minazi yake. Shutu aliondoka na maradhi ya kifua, kikohozi kikavu kilichokuwa kikisikika mpaka uani kwangu. Mwanawe Abdurahman, aliyekuwa akiishi Kibuyuni, ndiye aliyewapa funguo. Akawaambia, "Nyumba ni yenu, na vya shambani kuleni, msione haya."

Maneno mazuri, sivyo? Lakini Shutu alikuwa ameiwekea minazi yake chirapho, ule uganga wa kuzuia wezi. Chupa nyeusi na kitambaa chekundu vilikuwa vimefungwa kwenye shina la mnazi wa kwanza, kila mtu aone. Ukichukua nazi pasipo idhini ya aliyeuweka, hutoki. Utazunguka humo humo shambani mpaka mwenyewe aje akutoe kwa mdomo wake. Sisi Wadigo hili hatufundishani. Mtoto analijua kabla hajajua kufunga leso. Sasa nani angekumbuka kumwambia mtu wa Tabora? Abdurahman naye alidhani baba akifa na uganga wake unakufa.

Mihambo nazi hakuigusa. Alisema inamchafua tumbo, yeye na mlenda wake na karanga zake. Lakini Kabula alikuwa akiziokota kila asubuhi zilizoanguka, anazibeba kwa mikono miwili, anampelekea mamake. Nyamizi akajifunza kukuna, akajifunza kukamua tui. Siku moja, nami nimefunga, aliniletea wali wa nazi; nikaunusa tu, nikamwambia, "Wewe sasa umekuwa wa kwetu."

Baada ya hapo sikumwona tena.

Si kwamba alihama. Moshi wa jikoni kwake niliuona kila siku, na mumewe nilimwona akienda kazini na kurudi. Lakini yeye hakutoka. Tukafanya harusi, hakuja. Jumbe wetu wa kijiji akafiwa na mkewe, tukakaa matangani, Nyamizi hakuja. Harusi nitakusamehe, lakini kilio? Kwetu mtu asiyekuja kwenye kilio amejitenga mwenyewe. Wanawake wakaanza kusema yule wa bara anaringa, mume fundi amemvimbisha kichwa. Na mimi, mnanijua, nikasema nitakwenda nimpe vidonge vyake.

Nilikwenda mchana, jua la utosi. Nilimkuta ameketi kizingitini, Kabula amelaza kichwa pajani pake. Nikachuchumaa mbele yake. Mwanamke alikuwa amekonda, macho yametumbukia ndani.

"Dada Mwanatumu," alininong'oneza, "nitoe hapa."

"Nikutoe wapi, mwenzangu? Mlango si uko wazi?"

"Nikienda, narudi. Naiona barabara. Nikinyanyua mguu kuikanyaga, najikuta hapa." Akakigonga kizingiti kwa kiganja. "Mume wangu anasema ni ukiwa wa ugenini. Ananiambia nitazoea."

Nikamwambia ainuke, twende pamoja. Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto, na jasho, mkono wa mtu kabisa. Tukatembea kati ya minazi. Nilikuwa nikimweleza habari za harusi, naye akiitikia "ee, ee" nyuma yangu. Tukaupita mnazi wa mwisho. Nikakanyaga barabara. Lori likapita. Nikageuka nimwambie, "Umeona?"

Sikuwa nimeshika mtu.

Nikatazama kule nyumbani. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, mkono ameunyosha mbele, vidole vimekunjwa, vile vile nilivyokuwa nimevishika. Na sauti yake ilikuwa bado karibu na sikio langu. "Ee," ilisema. "Ee."

Nilirudi mbio, wallahi sijui miguu niliipata wapi. "Nyinyi mmekula nazi za hapa?" nikamwuliza.

"Si tuliambiwa tule?"

Nikageuka kuitazama ile chupa nyeusi mnazini.

Wiki ile Kabula akashikwa na homa. Dresa, msaidizi wa daktari, alikuja, akamdunga sindano, akasema mtoto alazwe hospitali leo hii, mkojo wake umekuwa mwekundu. Hospitali yenyewe iko pale, ukiita kwa nguvu wanasikia. Mihambo, ambaye siku zote alikuwa akisema mambo haya ni ya wanawake, alimbeba bintiye begani akatoka kwa hatua ndefu. Nilimwona akifika barabarani amekumbatia shuka tupu. Lo! Mwanamume yule alilia katikati ya barabara, watu wakimtazama.

Tukampelekea habari Abdurahman, akaja na mzee Chome, mganga aliyekuwa rafiki ya Shutu. Alasiri ile tulikuwa sisi watatu na Mihambo na mkewe tu, na Kabula kalazwa kwenye mkeka, pumzi zikikatika. Abdurahman akasimama kwenye mnazi wa kwanza, akasema kwa sauti, "Mimi ndimi mrithi. Nimewasamehe. Tokeni." Nyamizi akamkokota mtoto hatua chache, akajikuta kizingitini. Wakajaribu tena. Kizingitini.

"Babako hakukukabidhi," Chome alisema polepole. "Minazi hii bado ni yake. Yeye humshika aliyechukua. Aliyelishwa tu huenda akamwachilia. Nani aliyechukua?"

Sote tulijua ni nani aliyekuwa akiziokota. Kabula mwenyewe alifumbua macho, akafungua kinywa aseme.

Nyamizi akamziba kinywa kwa kiganja. Akautazama mnazi akasema, "Shikamoo, baba. Ni mimi niliyechukua. Kila asubuhi mimi. Mtoto nilimlisha tu, hajui kitu."

Upepo haukuwapo. Kuti halikutikisika.

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kifuani, nilichokijua miaka mingi. Abdurahman akarudi nyuma akanikanyaga. Kisha sauti ikatoka chumbani, ya chini, imechoka.

"Mtoto aende."

Mihambo akamnyakua Kabula akakimbia. Safari hii alifika barabarani na mtoto mikononi, analia, anaita "Mayu! Mayu!" maana ndivyo wanavyoita mama kwao. Nyamizi alicheka. Naapa alicheka kile kicheko chake cha siku ya kwanza, machozi yakimtiririka, akaegemea ukuta. "Amefika," akaniambia. "Dada, amefika!"

Nilimkumbatia, nikakaa naye mpaka magharibi inakaribia. Kisha akaniambia niende. Aliniambia kwa upole, lakini huku akitazama ndani ya nyumba, kama mtu aliyeitwa.

Mtoto alipona. Mihambo akampeleka kwa bibi yake Tabora, akarudi haraka kukaa na mkewe hata kama ni kuzeeka wote kati ya ile minazi. Akakuta mlango umekomewa kwa ndani. Wakauvunja. Chungu kilikuwa jikoni, uji bado moto. Mtu hakuwapo. Wakatazama kisimani, wakatazama darini, wakachimba hata chini ya kitanda. Mihambo aliondoka na kitenge kimoja cha mkewe, hajaonekana tena huku.

Ile nyumba ilianguka. Minazi Abdurahman aliikata yote, akachoma visiki, akahama hata Kibuyuni kwenyewe. Sasa ni uwanja mtupu, hakuna aliyejenga. Lakini nendeni asubuhi mkatazame penye ua wa zamani. Pamefagiwa. Mistari ya ufagio imenyooka, mibichi, na hakuna unyayo unaoingia wala unaotoka.

Mimi hupita pale mchana nikitoka sokoni. Nimesikia mara nyingi, na sasa siogopi tena, nahuzunika tu. Sisi hodi huibisha aliye nje, anataka kuingia. Nyamizi huibisha akiwa ndani, anataka kutoka. "Hodi," anasema taratibu, kwa adabu ya watu wa kwao. "Hodi, baba."

Nami husimama nikamwambia: toka, mwanangu, toka uende kwa mwanao. Namwambia kila siku. Lakini minazi ile haikuwa yangu.