Nilimkomoa Ilunga kwa Waya Mmoja wa Ampli

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na miwili, nina wajukuu, na kanisani nakaa benchi la mbele. Msinione hivyo mkadhani moyo wangu ni mweupe... Nilimwangamiza mtu, na kwa miaka mingi nilifurahi!

Enzi zile za Zaire nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane hapa Lubumbashi, fundi katika karakana ya shaba. Kazi yangu ilikuwa kufunga upya nyaya za mota zilizoungua, ndiyo maana wote waliniita Bobineri. Tulipewa nyumba kambini, mimi na mke wangu, Mama Kalenga. Lakini roho yangu haikuwa kwenye mota. Ilikuwa kwenye gitaa!

Orkesta ya kambi ilikuwa na ampli moja kuukuu ya kukuza sauti ya gitaa, ya lampi za kioo, iliyoachwa na Mzungu aliyerudi kwao. Ukiifungua kidogo, sauti ilikuwa safi, baridi, haina chumvi. Ukiifungua mpaka mwisho... jamani! Lampi zilichemka, noti ikavimba, ikakwaruza, ikalia kama mtu anayeimba huku amekasirika. Hiyo ndiyo sauti niliyoitaka maisha yangu yote.

Shida ni kwamba ilipasua masikio. Mwimbaji hakusikika, majirani walinilaani. Ukiipunguza, ule mkwaruzo unakufa. Nifanye nini? Nikawaza kifundi: ampli ifanye kazi kwa nguvu zote, ila nguvu hiyo iliwe na kitu kingine kabla ya kufika kwenye spika. Nikachukua resho ya mke wangu, lile jiko dogo la umeme, nikang'oa koili yake, nikaiunga kati ya ampli na spika. Koili ikala nguvu, ikapata moto, na spika ikatoa mkwaruzo uleule kwa sauti ya wastani. Nilitokwa na machozi!

Mama Kalenga alikuja juu. "Weye, resho yangu iko wapi? Sasa unapikia gitaa bukari, na siye tutakula nini?" Alisema hivyo, kisha akacheka, akasonga bukari, ugali wetu, kwa makaa miezi mitano kwa ajili yangu.

Ilunga alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na mpiga gitaa wa pili. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Nilimwonyesha wapi pa kufungua besi, wapi pa kufungua lampi, namna ya kuunga koili. Nilimfundisha yote isipokuwa jambo moja, nalo sikulificha, sikuona tu haja: ampli ya lampi usiipige kamwe spika ikiwa imekatika. Nguvu ikikosa pa kwenda inarudi ndani na kuchoma transfo, ile koili kubwa iliyo moyo wa ampli.

Siku zile kila mahali pa kazi palikuwa na kikundi cha animasyo, watu wa kuimba na kucheza kumsifu Kiongozi na Chama. Orkesta yetu iliwapigia. Ikatangazwa kwamba kikundi kitakachoshinda kitapelekwa Kinshasa. Gitaa la mbele lilikuwa langu, na Ilunga alilitaka.

Kikulacho ki nguoni mwako! Ilunga alikwenda kwa sekretari wa Chama kambini, akasema kwamba ninazingurumisha nyimbo za Kiongozi makusudi, kwa dhihaka. Niliitwa mbele ya mkutano. Sekretari akanikazia macho, akaniita raia kwa Kifaransa: "Sitoayen, wimbo ya Chama unaulilisha sawa imbwa, juu ya nini?" Nani pale alijua lampi ni kitu gani? Nikafukuzwa kwenye orkesta, nikaambiwa nikirudia nitapoteza kazi na nyumba. Ilunga alikaa mstari wa pili akitazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata, nikitoka kazini, nikasikia gitaa ukumbini... Mkwaruzo wangu! Koili yangu! Ilunga alikuwa ameupunguza kidogo tu, na sekretari yuleyule anapiga makofi. Mama Kalenga akasema, "Kumbe resho yangu njo inamulisha ule muntu?" Safari hii hakucheka. Nikaapa kwamba nitamkomesha.

Siku ya mashindano, mchana kweupe, alitakiwa fundi wa kukagua nyaya za jukwaa uwanjani. Nani alitumwa? Mimi! Nikalegeza skrubu inayoshika koili, nikauacha waya umeshika kwa ncha tu. Nilijua koili ikipata moto na mbao zikitikiswa na wachezaji, utachomoka. Kisha nikashuka, nikasimama kando ya jukwaa.

Wimbo wa pili, spika ikanyamaza. Rafiki angepiga kelele, "Zima!" Mimi nilikunja mikono. Ilunga akafungua ampli mpaka mwisho, akazichapa nyuzi kwa nguvu, akazichapa tena... moshi! Wachezaji wakaganda, wakubwa wakatazamana. Mimi nikacheka, wasomaji, nikacheka mpaka mbavu zikauma!

Wanaume wawili wa usalama wakampakia kwenye gari. Walisema amehujumu Chama. Alikaa kizuizini wiki sita. Kazi ikaenda, na kambini kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda. Nilichungulia dirishani mkewe akitoa masufuria nje, watoto wanne wamekalia magodoro. Walikwenda Sakania, mji wa mpakani, kwa shemeji wa Ilunga.

Mkuu wa karakana akaniletea ile transfo. Akauliza, naweza kuifunga upya? Ningeweza kwa siku mbili! Lakini Ilunga alikuwa ameishika, na nilitaka kila alichokishika kife. Nikasema haifai. Ikatupwa kwenye vyuma chakavu. Gitaa la mbele nikarudishiwa, pamoja na ampli mpya isiyo na lampi. Niliifungua kwa kila namna. Ilitoa kelele tu, na hadi leo ile sauti sijaisikia tena.

Miaka ikapita. Siku moja nilitumwa Sakania kwa treni. Pale stesheni nikamwona Ilunga akiuza chumvi na samaki wakavu. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa havikunjiki. Nilitaka kupita, akaniita kwa jina. Tukaongea habari za mvua... Kisha akasema polepole:

"Kule balinipiga sana. Baliniuliza, nani aligusa mu ampli? Nilijua ni weye. Shi weye njo bobineri?"

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Bibi yako alikuwa na mimba. Nilisema mu roho, mimi nilimuuza mara moya, ile inatosha."

Mtoto wetu wa pili alizaliwa kambini, kitandani kwetu, chini ya bati letu. Wa kwake walilala kwenye sakafu ya watu.

Nitasema kweli: kuhusu gitaa, sijamsamehe. Alinisaliti, na nikikumbuka vile viatu alivyovitazama damu hunichemka hadi leo! Lakini nilichomlipa kilizidi deni, na nilikilipa kwa mikono iliyofundishwa kutengeneza.

Wasomaji wenzangu, ukisalitiwa, gombana! Piga kelele hadharani, mpeleke kwa wazee, hata makofi mpigane! Lakini ujuzi wako wa kazi usiutumie kumlipizia mtu kisasi. Fundi anajua pa kulegeza bila kuonekana... na aliyelegezewa huanguka na watoto wake wote. Nawasihi, msipite nilikopita mimi.