Noëlla na Uvimbe wa Mgongoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Noëlla na mama yake, Godelieve, walipalilia maharage yao mlimani Burungu. Msimu huo mgongo ulianza kumuuma Noëlla, kisha miguu ikafa ganzi. Siku moja alikanyaga kaa la moto jikoni, asihisi chochote mpaka aliposikia harufu ya ngozi ikiungua.

"Uko na shida gani?" mama yake aliuliza alipomwona akichechemea.

"Hakuna, Mama. Ni kidonda tu."

Aliogopa. Jirani yao Tuyizere alipolemaa, watu walisema amerogwa, na wanawe wakakosa wa kucheza nao.

Kisha mkojo ukaanza kumtoka bila yeye kujua. Akawa anafua sketi yake kijitoni kwa siri na kuivaa ingali mbichi. Darasani alikaa peke yake nyuma.

Jumapili moja, walipotoka kanisani, alimbeba mdogo wake Guy mgongoni. Kwenye mteremko miguu ikamlegea, wakabiringika wote wawili. Guy alivunjika mkono. Noëlla hakuweza kusimama tena.

"Niliteleza," alisema, huku Guy akipiga mayowe.

Walipelekwa hospitali mjini Goma. Daktari Mapendo alimlaza Noëlla na kumwambia afumbe macho.

"Unasikia hapa?"

"Ndiyo, Docta."

"Sijakugusa bado, mutoto wangu," daktari alisema taratibu. "Na mkojo, unaweza kuubana?"

Noëlla alitazama kitanda cha pili, ambako Guy alilala mkono ukiwa ndani ya plasta. Machozi yakamtoka. "Unatoka wenyewe. Tangu zamani."

Daktari hakucheka. Alisimama papo hapo, akaagiza apigwe picha za uti wa mgongo. Picha zilionyesha uvimbe kama kifuko cha maji, umeikandamiza mishipa ya fahamu.

"Hatutapasua mgongo wote," alimweleza Godelieve. "Tutapita kwenye tundu dogo. Mashine itatuonyesha kwenye skrini kifaa chetu kiko wapi, tusiguse mishipa."

Upasuaji ulifaulu. Baada ya majuma, Noëlla aliweza tena kubana mkojo, na mguu wa kulia ukapata nguvu. Wa kushoto ulibaki unaburuta.

"Huu utapona lini?" Godelieve alimuuliza daktari.

"Labda hautapona kabisa, Mama. Mishipa ilikandamizwa muda mrefu mno."

Godelieve alijifunika uso kwa kitenge. Noëlla akamgeukia Guy.

"Sikuteleza," alimwambia. "Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, nami nikaficha. Unisamehe."

Guy alitikisa kichwa kukubali, akasogea ili dada yake akae karibu naye.

Daktari Mapendo aliketi mbele yao. "Mashine ilituonyesha uvimbe," alisema, "lakini aliyetuambia tutafute wapi ni wewe, siku uliposema ukweli. Ugonjwa si aibu, Noëlla. Mwili ukibadilika, sema siku ileile, hata kama midomo inatetemeka. Ulisema ukiwa umechelewa, tukaokoa mguu mmoja. Ungesema mapema, huenda tungeokoa yote miwili."