Kitufe cha Mtu Mwingine

Duka la kuchapisha lilifurika watu, mashine zikinguruma, kila mmoja akitaka kazi yake itoke kwanza. Kwenye foleni alisimama fundi wa magauni, kavaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, limemkaa barabara, kakumbatia picha mia mbili za nguo zake. Nyuma yake kijana mchora tovuti alichungulia, akashindwa kujizuia.

"Dada, mteja apekue zote hizo kutafuta gauni moja la kijani?"

"Kwani wewe mkaguzi?"

Fundi akacheka, na kicheko hicho, jamani, ndicho kilichommaliza kijana wa watu. Foleni haijasogea, ameshajitolea kumtengenezea tovuti.

Mwezi mzima jioni zao zikawa za dirishani kwa fundi, kando ya cherehani, mwanga wa jua ukitambaa juu ya vitambaa. Kijana alimwonyesha vichujio: bonyeza rangi, bonyeza saizi, magauni usiyoyataka yanapotea. Akamweleza pia kwamba hachori kila kitufe upya. Kuna kitufe mama, vingine ni nakala zake. Ukimbadilisha mama, nakala zote zinafuata. Fundi alibonyeza, magauni yakaja na kuondoka kama ndotoni, na moyo wake ukaelea nayo. Usiku kwenye simu walibishana nani akate kwanza, mpaka mama yake fundi akakohoa makusudi chumba cha pili.

Siku moja kabla ya tovuti kufunguliwa, fundi alitaka kubadilisha rangi ya vitufe, amshtukize mpenzi wake. Akakosea, akakirudisha kitufe mama kwenye hali yake ya kwanza. Ukurasa baada ya ukurasa, vitufe vyote vikasomeka: "Chagua, Lulu wangu."

Yeye hakuwahi kuitwa Lulu. Aliitwa Fundi, basi. Alilia, akazima simu, na kwa siku tisa hakutaka kumsikia.

Siku ya kumi kijana alibisha hodi, shati limepigwa pasi lakini vifungo vimepishana. Mama alimwangalia juu mpaka chini, akampisha.

"Lulu ni nani?" Fundi aliuliza.

"Alikuwa mchumba wangu. Kitufe nilikichora kwa ajili ya duka lake. Akaolewa na mwingine, mimi nikabaki nacho. Kila kazi mpya nabadilisha maandishi tu."

"Mimi sishoni gauni la mtu kwa vipimo vya mwenzake. Wewe umenipimia kwake."

Kijana hakujitetea. Alisema ni kweli, kwamba kitufe kilikuwa kizuri na aliogopa hataweza kutengeneza kingine. Akafungua kompyuta, akakifuta kitufe mama na nakala zake zote, akaanza kuchora upya.

Fundi alisimama mbali kitambo kirefu, kakunja mikono. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Kimepinda hicho."

"Nikinyooshe?"

"Kiache."

Wakachora cha saizi, wakachora cha rangi, mabega yakigusana, wala hakuna aliyesogea. Kijana akauliza polepole kama anaweza kumuoa.

Fundi hakuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama yuko sebuleni. Siku tisa amenisikia nalia. Nenda kamwambie wewe mwenyewe."